Mtambaa panya: usiku wa Gyan pale Soccer City

Kwenye kipindi kilichopita tuliongelea wachezaji waliostaafu ambao bado wanaishi mtandaoni. Msikilizaji mmoja akamtaja Yuichi Komano wa Japani, aliyestaafu 2022. Tarehe 29 Juni 2010, uwanja wa Loftus kule Pretoria, penalti yake iligonga mwamba na Paraguay wakapita kwa matuta, 5–3. Miaka yote ile ya kazi, lakini huku nje wengi tunamjua kwa mpira mmoja tu.

Siku tatu baadaye ikatokea hapa hapa Joburg. Soccer City, Ghana na Uruguay, robo fainali, watu zaidi ya 84,000. Muntari alifunga, Forlán akasawazisha. Dakika za mwisho kabisa za nyongeza, Luis Suárez akauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga juu, ukapaa. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika nusu fainali.

Klipu hiyo mmeshaiona wote. Ngoja niwaambie kisichoonekana.

Nilikuwa na miaka tisa, tunaishi Yeoville. Miaka miwili kabla, Mei 2008, vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra zikasambaa nchini. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Tangu hapo Baba alitukataza kuongea Kiswahili kwenye teksi. Ukiitwa, unaitikia kwa Kizulu au Kiingereza, basi.

Usiku ule wa 2 Julai ulikuwa tofauti. Bafana walishatolewa, kwa hiyo nchi nzima ikahamia Ghana. Watu wakawaita BaGhana BaGhana. Mama mwenye nyumba wetu, mtu wa Soweto, alijifunga bendera ya Ghana kiunoni. Na Baba, yaani Baba yule yule, akatoka barabarani anapiga kelele kwa Kiswahili: "Mtambaa panya! Jamani, imegonga mtambaa panya!"

Sikulijua hilo neno. Akanieleza huku machozi yanamtoka: ni boriti ya juu ya ukuta, panya wanapopita usiku. Watangazaji wa mpira kwao Tanga ndivyo wanavyouita mwamba wa goli. Hakuna aliyemgeukia vibaya. Mama mwenye nyumba alimshika bega tu.

Kabla hata fainali haijachezwa, uvumi ulishaanza: Kombe likiisha, wageni watafukuzwa. Baba akashusha sauti tena.

Klipu nyingi hukatwa pale Gyan anaposhika kichwa. Lakini dakika chache baadaye, kwenye matuta, alikuwa wa kwanza kupiga kwa Ghana. Akafunga. Ghana walitoka 4–2, ila si kwa mkwaju wake. Alipostaafu 2023 alikuwa na mabao 6 ya Kombe la Dunia, na hakuna Mwafrika aliyekuwa amemzidi.

Baba akiona ile klipu kwenye simu yangu husema, "Hujaimaliza, mwanangu. Tafuta ile ya pili."

Siku hizi kwenye teksi namwitikia kwa Kiswahili. Kwa sauti.

Na nyie, wazee wenu walikuwa wapi usiku ule? Waulizeni, halafu mtutumie sauti.