Kibanda cha Gemu cha Mpwa Wangu

Mwaka 2008, nikiwa bado mkuu wa shule, niliingia katika kibanda cha mpwa wangu pale senta ya Nshamba saa nne asubuhi, siku ya masomo, nikawakuta wanafunzi wangu saba wamebanana kwenye benchi moja mbele ya televisheni. Walikuwa wakicheza mpira wa Winning Eleven katika mashine ya PlayStation 2, shilingi 200 kwa mechi. Niliwachapa wote. Mpwa wangu nilimwambia kwamba anakula ada za watoto wa wenzake. Akanijibu kwa adabu, "Waitu Mjomba, na ada ya mdogo wangu inatoka humu humu." Sikuwa na jibu.

Sisi walimu wa historia tuna ugonjwa mmoja: jambo likitushinda, tunatafuta chanzo chake. Nilianza kusoma habari za mashine hizo.

Kampuni ya Nintendo ilianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1889, ikitengeneza karata. Karne moja baadaye ndiyo iliyotawala michezo ya video majumbani, ikishindana na Sega, Mjapani mwenzake. Sony alikuwa fundi tu, aliyeshirikishwa ili mashine ya Nintendo iweze kusoma diski. Juni 1991, mjini Chicago, siku moja baada ya Sony kutangaza mashine hiyo, Nintendo akatangaza kwamba atashirikiana na Philips wa Uholanzi. Kwetu uchumba ukivunjwa hadharani namna ile, wazee huitana. Sony hakuita wazee. Alitengeneza PlayStation yake mwenyewe, ikaingia madukani Japani Desemba 1994.

Mei 1995, huko Los Angeles, Sega alitangaza kwamba mashine yake ya Saturn inauzwa dola 399. Siku hiyohiyo mtu wa Sony akapanda jukwaani, akataja tarakimu moja, 299, akashuka. Hata hivyo sidhani kwamba bei ya mashine peke yake ndiyo iliyoamua. Nintendo aling'ang'ania kaseti, ambayo ni ghali kutengeneza, hali diski ni ya bei ndogo mno, na watunzi wengi wa michezo wakamfuata mwenye diski. PlayStation iliuza zaidi ya milioni 100, Nintendo 64 kama milioni 33, na Saturn haikufika milioni 10. Mwaka 2001 Sega aliacha kabisa kutengeneza mashine.

Lakini diski ya bei ndogo ni rahisi pia kunakili. Hapo ndipo nilipokielewa kibanda cha mpwa wangu. Sony alimshinda Nintendo kwa diski, na diski hiyohiyo, ikiwa imenakiliwa na kuuzwa sokoni, ndiyo iliyoufikisha mchezo Nshamba, bila Sony kupata hata senti moja. Mpwa wangu alidhani anafanya biashara ya mashine, kumbe biashara yake ilisimama juu ya wizi mdogo ambao hakuna aliyejali kuuzuia.

Msomaji atadhani kwamba, kwa kuwa nilijua hayo, nilikuwa na busara. La hasha. Mwaka 2013, nikiwa nimestaafu, alikuja kunikopa fedha za kununua PlayStation 3 iliyotumika, kwa sababu vijana walikuwa wameichoka ile ya zamani. Nilijua kwamba diski za mashine hiyo si rahisi kunakili, na halisi ni ghali. Sikumwambia. Nilikuwa bado nalikumbuka lile benchi, nikaona kumkopesha ni kumwomba radhi. Nikatoa katika kiinua mgongo.

Michezo mipya hakuimudu. Kisha zikaja simu za bei nafuu zenye michezo ya bure, na kijana hakuwa tena na haja ya kulipa ili akae kwenye benchi la mtu. Kibanda kilifungwa mwaka 2016. Siku hizi anauza vocha na kuchaji simu mlangoni pa kibanda kilekile, na kila msimu wa kahawa hunipunguzia deni. Zimebaki shilingi 80,000. Mashine yenyewe iko kabatini kwangu, na pedi zake mbili.