Kamera ya Kwanza Ilichunga Kahawa

Wasee, kabla kamera zijae kila geti la ploti, ile ya kwanza ya mtandaoni kazi yake ilikuwa kuchunga birika la kahawa. Sicheki. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, 1991: watafiti wa kompyuta walikuwa wamechoka kupanda na kushuka ngazi wakikuta birika ni tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaandika programu, na kila mtu akaanza kuona birika kwa kompyuta yake. Picha ya kijivu, kama tatu hivi kwa dakika, bila sauti. 1993 ikawekwa kwa wavuti, dunia nzima ikaangalia.

Paswadi ya nini? Ni kahawa tu.

1996 kampuni ya Axis ya Sweden ikaanza kuuza kamera zinazojiunga na mtandao zenyewe. Zikaingia kwa maduka na majumbani, zikapata maikrofoni. Lakini ile roho ya "ni kahawa tu" haikutoka. 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera kibao kwa kujaribu paswadi za kiwandani kama 60 tu, na Oktoba hiyo zikatumika kuangusha Twitter na Netflix kwa masaa.

Juzi nikajaribu ya ploti yetu. Fundi aliacha "admin". Nikaweka anwani yake kwa VLC nikiwa kitandani, ikafunguka: picha safi ya ngazi, na sauti ya mathe akimwambia jirani vile karo ya mdogo wangu imekwama.

Nilimwonyesha. Akaniuliza, "Na nani mwingine husikia?"

Keateka anasema hajui paswadi hubadilishwa wapi.