Waliolala Topeni: Samaki na Konokono wa Madimbwi ya Unguja

Msimu unaoua viumbe Unguja ni wa kiu. Usiku wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, watu wa Mji Mkongwe hutafuta shuka, lakini kwa kawaida joto haliteremki chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na hakuna mnyama anayekufa kwa baridi ya namna hiyo. Shida huja masika ya Machi hadi Mei yakishapita na vuli ya Oktoba hadi Disemba haijafika, kisha tena Januari na Februari, jua la kaskazi linapochoma. Madimbwi ya mashambani hupungua maji, hugeuka tope, na tope lenyewe hupasuka nyufa. Wakazi wake hawana pa kuhamia. Wengi hufa, na wachache hulala.

Kulala huko kuna undugu na usingizi wa wanyama wa nchi za theluji. Kalunguyeye wa Ulaya hunenepa mwishoni mwa kiangazi, kisha hujificha chini ya majani makavu. Mwili wake hupoa, na moyo uliokuwa ukipiga karibu mara 190 kwa dakika hushuka hadi karibu mara 20. Kinachomlaza hasa ni njaa, kwa kuwa wadudu anaowala hawapatikani wakati wa theluji. Ndiyo maana hata nchi za joto zina walalaji wao. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa Madagaska walithibitisha kwamba lemuri mmoja mdogo, anayehifadhi mafuta mkiani, hulala ndani ya mashimo ya miti hadi miezi saba ya ukame, ingawa hali ya hewa ya huko ni ya joto. Pasipo chakula au maji, mwili unaoweza kupunguza matumizi yake ndio unaoufikia msimu mwingine.

Wasomi wa Ulaya walichelewa kulijua hilo, na kwa muda mrefu walimtafuta mlalaji mahali ambapo hakuwepo. Olaus Magnus, askofu wa Uswidi, aliandika mwaka 1555 kwamba mbayuwayu hupitisha majira ya baridi wakiwa chini ya maji, na kwamba wavuvi huwavua wakiwa wamekumbatiana. Hata mwaka 1789 Gilbert White, mwanazuoni makini wa viumbe wa Uingereza, alikuwa bado hajaitupa kabisa fikra kwamba baadhi ya mbayuwayu hulala mafichoni. Miaka yote hiyo ndege hao walikuwa wakiruka juu ya Afrika, Unguja ikiwamo, tangu Oktoba hadi karibu na masika. Shaka ya mwisho iliondoka Disemba 1912, mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka uliotangulia alipopatikana Natal, Afrika Kusini. Ajabu ni kwamba hadithi ya kiumbe anayelala topeni na kuamka maji yakirudi ilikuwa ya kweli, ila haikumhusu ndege wala haikuihusu Ulaya.

Ili kuona inamhusu nani, ni lazima kuitazama ardhi ya Unguja. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, nchi ya mawe ya matumbawe ambayo maji ya mvua hupenya mara moja. Magharibi na katikati kuna udongo wenye kina, na mabondeni kuna kinamo, udongo mzito wa mfinyanzi ambao wakulima wa mpunga wanaujua vizuri: ukilowa hunasa mguu, ukikauka hupasuka. Mito ya kisiwa, kama Mwera na Zingwezingwe, ni mifupi, na baadhi hudidimia katika mashimo ya chokaa kabla ya kufika baharini. Maji ya juu ya ardhi ni machache na ya msimu. Lakini kinamo, hata uso wake ukiwa mkavu kabisa, huhifadhi unyevu kidogo ndani yake, na unyevu huo ndio unaobeba uhai wa viumbe wanaosimuliwa hapa.

Maandishi ya kisayansi kuhusu samaki wa Zanzibar yalianzia baharini. Robert Lambert Playfair, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza mjini wakati wa Sultani Majid bin Said, alikusanya samaki kwa wingi. Mwaka 1866 yeye na Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza walichapisha London kitabu kikubwa kuhusu samaki wa Zanzibar. Hilo lilikuwa jambo la kutarajiwa katika mji ulioishi kwa jahazi na forodha. Mambo ya mabondeni yalisubiri hadi Franz Stuhlmann, kijana Mjerumani mwenye elimu ya wanyama, alipofika mwaka 1888 na kuanza kuchota viumbe wa maji baridi kisiwani na kisha bara. Sampuli zake zilipelekwa makumbusho ya Hamburg, na mwaka 1893 Georg Pfeffer wa makumbusho hayo alieleza miongoni mwake samaki mdogo wa Unguja ambaye leo anaitwa Nothobranchius guentheri. Jina hilo linamuenzi Günther yuleyule.

Dume lake hufikia kama sentimita tano. Magamba yake yana rangi ya buluu na kijani yenye kingo nyekundu, na mkia ni mwekundu wenye ukingo mweusi. Jike ni la kijivu tu. Pfeffer alihesabu miale ya mapezi na safu za magamba, kama ilivyokuwa desturi, lakini samaki waliokufa na kutiwa kwenye chupa za spiriti hawakuweza kumweleza jambo kuu: kwamba miezi michache kila mwaka samaki huyu hayupo kabisa, na jamii yake yote imebaki kuwa mayai ndani ya tope. Makumbusho yalimpa jina na hesabu ya mapezi, ila yalikosa maisha yake, na maisha hayo yalichukua miongo kadhaa kueleweka.

Maisha yenyewe ni ya haraka. Mvua ikijaza dimbwi, mayai huanguliwa katika muda wa saa chache. Vifaranga hula viumbe wadogo wa majini na kukomaa baada ya wiki chache. Dume hulibana jike juu ya tope, na yai hufukiwa moja moja. Dimbwi likikauka, wazazi wote hufa. Yai lenye ganda gumu hubaki chini, na kiinitete kilichomo husimamisha ukuaji wake. John Wourms, mtafiti wa Marekani aliyechapisha kazi yake mwaka 1972 akitumia hasa samaki wa namna hii wa Amerika Kusini, alionyesha kwamba kisimamo hicho kinaweza kutokea katika hatua tatu: mwanzo kabisa, seli zikiwa bado zimetawanyika, katikati, mwili ukianza kujengeka, na mwisho, kifaranga kikiwa tayari kutoka. Mayai ya jike moja hayaendi kwa mwendo mmoja. Baadhi hupita hatua hizo bila kusimama, na mengine hukaa miezi. Mvua ya kudanganya ikinyesha na kukauka baada ya siku kumi, walioanguliwa hupotea, lakini akiba ingali ardhini. Kwa kisiwa chenye masika na vuli, tena zisizotabirika, mpangilio huo una faida kubwa kuliko kuamka kwa pamoja. Mwaka 1977 Jules Markofsky na J. R. Matias walichapisha utafiti juu ya samaki huyuhuyu wa Unguja, wakaonyesha kwamba joto na msimu wa kutagwa kwa yai huathiri urefu wa kisimamo hicho.

Kabla ya tafiti hizo, samaki wa jamii hii walishafikiriwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1941 F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki kuhusu samaki wa kienyeji wanaoweza kupambana na malaria kwa kula viluwiluwi vya mbu. Hoja ilikuwa na mantiki. Samaki wa kawaida hafai kwenye dimbwi linalokauka, bali huyu hurudi mwenyewe pamoja na mvua, wakati uleule mbu wanapozaliana. Hata hivyo hakuwa silaha kuu. Kupungua kwa malaria Zanzibar katika karne hii kumetokana zaidi na dawa, vyandarua na upuliziaji wa nyumba.

Mlalaji mwingine wa madimbwi amewashughulisha madaktari zaidi, tena kwa uadui. Konokono wa jamii ya Bulinus, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ndiye anayebeba vijidudu vya kichocho cha mkojo. Unguja wapo wa aina mbili: Bulinus globosus wa kaskazini na katikati, anayeambukiza, na Bulinus nasutus wa kusini, ambaye hana hatia hiyo. Maji yakikauka konokono hawa hujifukia topeni, na baadhi huishi miezi hadi mvua ijayo. Vijidudu ambavyo havijakomaa ndani yao huweza kusubiri pamoja nao. Kuanzia mwaka 2012 mradi wa kukomesha kichocho uliendeshwa katika shehia 45 za Unguja na 45 za Pemba. Wananchi walipewa dawa ya praziquantel mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia madimbwi yalitiwa sumu ya konokono au watu walielimishwa kuacha kuogelea humo. Maambukizi yalishuka, lakini sumu ya konokono haikuleta tofauti kubwa kuliko dawa peke yake. Sababu ni zaidi ya moja, na mojawapo ni dhahiri: sumu inayotiwa majini haimfikii aliyejifukia, na akibaki konokono mmoja tu, anaweza kujaza dimbwi upya, kwa kuwa ana uwezo wa kujirutubisha mwenyewe.

Konokono mkubwa wa nchi kavu, yule wa bustanini, hulala kwa njia iliyo wazi zaidi: hujivuta ndani na kuziba mlango wa kombe kwa utando mkavu. Uwezo wa kukaa hivyo miezi bila chakula ulimfanya msafiri hodari wa baharini. Kutoka Afrika Mashariki alifika Mauritius, na mwaka 1847 William Benson alimpeleka kutoka huko hadi Calcutta. Leo ni mharibifu wa mazao katika nchi nyingi za tropiki.

Samaki wa Pfeffer naye amesafiri, ila kwa mkono wa watu. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani hutumiana mayai yake kwa posta, yakiwa ndani ya vifuko vya mboji yenye unyevu, na aliyetumiwa huyatia majini anapotaka. Porini hali ni nyingine. Maskani yake ya asili ni Unguja peke yake, tena katika ukanda wenye kinamo, ambao sehemu yake inapakana na vitongoji vinavyopanuka haraka magharibi mwa kisiwa. Dimbwi linalofukiwa kwa kifusi wakati wa kiangazi huonekana ni kiwanja kikavu tu, kwa kuwa msimu huo samaki hawaonekani na mayai yamo ardhini.