Bei Isiyotoka Nachingwea

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita, lakini jiko lake lilikuwa kavu. Mafuta na siagi viligawiwa kwa kadi, na bei ya mbegu za mafuta ulimwenguni ilikuwa imepanda, kwani wahitaji walikuwa wengi na mzigo ulikuwa haba. Uhaba huo ndio uliozaa mradi wa karanga wa Tanganyika, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ukafika Urambo na Nachingwea. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni 3. London iliyaona mahitaji, fedha nazo ikawa nazo, ikadhani kwamba kilichosalia ni kulima tu.

Basi msitu wa Nachingwea ukaangushwa kwa matingatinga, reli ikajengwa kutoka pwani, na Mtwara ikapata bandari yenye maji ya kina. Vyote vilikuwapo ila karanga. Mvua hazikuufuata mpango, mashine ziliharibika, na Januari 1951 mradi ulivunjwa ukiwa umekula pauni zipatazo milioni 36. Bandari ilibaki, reli, kwa kukosa shehena, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Leo Nachingwea na jirani yake Ruangwa hujulikana kwa korosho, na hapo mambo yamepinduka: mzigo upo, mnunuzi ndiye angojwaye. Sehemu kubwa ya korosho huuzwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam. Mkulima hupeleka magunia ghalani, hupewa stakabadhi, kisha husubiri mnada. Msimu wa 2017 kilo moja ilivuka shilingi 4,000 katika minada ya kusini. Oktoba 2018, bei ya dunia iliposhuka, wanunuzi walitaja bei zisizofika 3,000, wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakatumwa kuzibeba.

Bei ya haki ikawa imepatikana, bila mtu wa ng'ambo wa kuilipa. Korosho nyingi zililala maghalani hadi 2019, na malipo ya wakulima yakacheleweshwa na uhakiki uliokusudiwa kuwatenga walanguzi wa kangomba. Lakini kangomba haikuanza msimu ule. Mwenye mgonjwa ndani, au mtoto wa kulipiwa ada, hakuweza kungoja mnada. Korosho zake zilikwisha kupimwa kwa bakuli mlangoni pake, zingali mtini, kwa bei aliyoitaja mwenye bakuli.