Mkongo Umekatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti iliyumba Tanzania nzima. Kwetu Mwanza ilikuwa kama kwingine: ujumbe ulibaki na tiki moja, picha hazikufunguka, watu wakazima na kuwasha simu wakidhani ni bando limeisha. Nape Nnauye, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya habari, alieleza kwamba hitilafu ilikuwa kwenye mikongo ya baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo yenyewe ilikuwa miwili, EASSy na Seacom. Kufikia jioni, mji mzima ulikuwa umejifunza kusema "mkongo umekatika".

Mdogo wangu aliipenda sana sentensi hiyo. Yeye hucheza gemu la risasi kwenye kompyuta, akiwa kwenye timu moja na vijana wa Nairobi na Kampala. Mikongo ilipotengenezwa, kufikia mwanzoni mwa Juni, mimi nilirudi kwenye kazi zangu kama kawaida. Yeye aliendelea kuganda. Anakimbia kuelekea mlangoni, ghafla anajikuta hatua kumi nyuma. Anafyatua risasi, adui hasikii kitu. "Mkongo, dada," aliniambia Julai. Nikamwambia mkongo ulishapona. Akasema basi umekatika mwingine. Wenzake wa timu walikuwa wameanza kutafuta mtu wa nafasi yake, na akiba yake yote ilikuwa inaelekea kwenye kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti.

Sikumlaumu kwa kuitazama bahari. Historia yetu ya intaneti imetuzoesha hivyo. Kabla ya 2009, data za kutoka na kuingia Afrika Mashariki zilitegemea zaidi setilaiti zilizokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lipande na kushuka, jibu lipande na kushuka: karibu kilomita 143,000, safari ambayo mwanga wenyewe hutumia takriban milisekunde 480. Barua pepe haijali nusu sekunde. Mtu anayelengwa shabaha anajali. Julai 2009 Seacom ikafika Dar es Salaam, mwaka uliofuata EASSy, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukazileta data bara hadi huku ziwani. Kisha kampuni kubwa za kompyuta zikafungua vituo Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020. Seva zikasogea. Kutoka Mwanza hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,700 kwa mstari ulionyooka, na hata njia ikizunguka kupitia Dar na pwani, jibu hurudi kabla hujapepesa jicho.

Ila kuchelewa ni ugonjwa mmoja, kupotea ni mwingine, na sisi huita yote "net inazingua".

Anayeijua MV Victoria ataelewa upesi jinsi data zinavyosafiri. Meli ile iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Mombasa kwa bahari na Kisumu kwa treni, ikaungwa tena na kuanza kazi ziwani mwaka 1961. Intaneti hufanya hivyo kwa kila kitu: huvunja picha au sauti kuwa pakiti, hutuma, huunganisha upande wa pili. Kwa picha au barua, pakiti ikipotea inaombwa tena, na vipande vingine vinaisubiri. Gemu la kasi haliwezi kusubiri. Hutumia utaratibu wa UDP, ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1980, ambao hutuma na kusahau, kwa kuwa habari ya mahali adui alipokuwa nusu sekunde iliyopita haina faida tena. John Carmack na wenzake walipotoa QuakeWorld mwaka 1996, waliifanya kompyuta ya mchezaji ikisie mwendo wake yenyewe bila kungoja seva. Kisio likikosewa, seva hukusahihisha. Kule kurudishwa hatua kumi nyuma ndiyo sahihisho.

Swali basi ni zinapotelea wapi. Mwaka 1986 Van Jacobson alikuwa na swali hilohilo. Kati ya maabara yake na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yasiyofikia mita 400 kutoka moja hadi jingine, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Hakukuwa na bahari hapo. Kulikuwa na kompyuta nyingi zinazosukuma pakiti kwenye foleni iliyojaa, na kila iliyopotea ilitumwa tena, ikaongeza msongamano.

Tulianza na pingi, programu ndogo aliyoiandika Mike Muuss mwaka 1983 na kuipa jina la mlio wa sona ya nyambizi. Hutuma pakiti na kusubiri mwangwi. Nilimzuia dogo asianze na Johannesburg. Tulianza na ruta ya sebuleni: pakiti 300, moja kila sekunde, kutoka chumbani kwake. Zilipotea 21. Asilimia saba, ndani ya nyumba, kabla hata ya kutoka mlangoni.

Nyumba zetu za mlimani Mwanza zimebanana kati ya miamba, na ruta za majirani wote zinapiga kelele kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Tukanunua waya, tukaupitisha chini ya mlango. Pakiti 300, hakuna iliyopotea. Hapo ndipo alipokubali kuahirisha kile kifurushi.

Baada ya hapo tukafuatilia njia nzima, hatua kwa hatua hadi seva. Hapa wengi hudanganyika, nasi tulidanganyika kwa saa nzima: hatua ya nne ilionyesha upotevu wa asilimia 60, dogo akashangilia, mwizi kapatikana. Lakini hatua ya tano na zote zilizofuata zilikuwa sifuri. Pakiti iliyopotea ya nne isingeweza kufika ya tano. Ruta ile ilikuwa inapitisha pakiti za watu vizuri tu, ila haikuona umuhimu wa kujibu maswali yetu. Upotevu wa kweli huanzia mahali fulani na kuendelea hadi mwisho.

Mchana kila kitu kilikuwa safi. Saa mbili usiku, pingi ikapanda kutoka milisekunde 80 hadi 600, na pakiti zikaanza kupotea tena, kuanzia hatua ya kwanza baada ya ruta yetu. Tukapima siku tatu. Siku ya tatu dogo hakutazama kioo, alinitazama mimi. Saa mbili usiku ndipo ninapopandisha video za kazini.

Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys aliligundua jambo hili nyumbani kwake, akituma mafaili makubwa: vifaa vyetu vina ghala kubwa mno la foleni, likijaa kila kitu kinakaa nyuma ya faili lako, na kinachozidi kinatupwa. Dawa yake moja, iitwayo CoDel, ilitoka 2012, kwa kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson, yuleyule wa mita 400. Ruta yetu ilikuwa nayo, imezimwa. Tuliiwasha, na kwa kuwa kasi yetu ya kupandisha ni megabiti 5, tukaiwekea kikomo cha 4, ili foleni ikae kwetu na pakiti ndogo za gemu zipewe njia. Video zangu sasa zinachukua muda mrefu kidogo. Nimekubali, kwa shingo upande.

Ijumaa alicheza na timu yake, na mimi nikiwa napandisha video chumba cha pili. Dakika ya pili akapigwa risasi ya kichwa. Nilienda kutazama: milisekunde 81, upotevu sifuri.

Akavua spika za masikioni taratibu. "Mkongo, dada," akasema.