Simu, Pazia na Mtafiti

Wataalamu wa maisha ya watu walianza kuitazama simu kabla haijaingia mfukoni. Mwaka 1992 Lana Rakow wa Marekani alitoa kitabu juu ya wanawake wa mji mdogo na simu zao za waya. Mazungumzo yaliyodharauliwa kuwa porojo yeye aliyaona ni kazi: kujuliana hali, kufariji, kuunga undugu, kazi isiyo na ujira, iliyoachiwa wanawake.

Simu ya mkononi ilipoenea, Heather Horst na Daniel Miller walifanya utafiti Jamaika. Katika kitabu chao cha 2006, orodha za majina yaliyohifadhiwa simuni zilikuwa mlango wa kujua nani huombwa msaada, na nani hupigiwa kwa muda mfupi tu ili uhusiano usinyauke.

Yaonekana, basi, simu husema kweli kuliko mdomo. Lakini Julie Soleil Archambault, aliyeishi na vijana wa Inhambane, Msumbiji, alionyesha katika kitabu chake cha 2017 kwamba simu husitiri pia. Kijana asiye na kazi hujipatia hadhi kwa simu aishikayo. Msichana huitumia kupata riziki kwa wanaume, na siri huhifadhiwa ili watu waishi kwa amani.

Msomaji wa pwani hatastaajabu. Kanga ina jina lililoandikwa wazi, lakini mvaaji halazimiki kumtaja aliyekusudiwa. Vivyo hivyo, mtafiti aombaye kuitazama simu ya mwanamke ataka afumbuliwe fumbo. Kuuliza ni haki yake. Kufumbua ni hiari ya mwenye fumbo.