Bingwa wa kwanza wa Nairobi

Hapa tunaandika sana historia ya vita na ya mpira wa miguu. Leo ni gofu. Najua kuna watakaocheka, maana wengi wetu gofu tunaiona tu tukienda Mbarara mjini, watu wanatembea polepole kwenye majani yaliyokatwa vizuri, na nyuma yao kuna mtu amebeba mfuko wa fimbo. Huyo wa nyuma mkumbukeni, nitamrudia.

Guy Wolstenholme alizaliwa Uingereza mwaka 1931. Alianza kama mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa, na akachukua ubingwa wa ridhaa wa nchi yake mara mbili, 1956 na 1959. Mwaka 1960 alicheza yale mashindano makubwa ya wazi ya Uingereza, pale St Andrews. Alimaliza wa sita. Wa sita, kati ya watu wanaoishi kwa mchezo huo! Lakini sheria ya ridhaa ilikuwa kali: mfukoni hapati kitu. Aliyeshinda siku hiyo alikuwa Mwaustralia, Kel Nagle, mwenye miaka 39. Mwaka huohuo Wolstenholme akaamua kuwa mchezaji wa kulipwa. Mimi simlaumu hata kidogo. Sisi tunaojitolea tunajua kusifiwa bila posho kunachosha vipi.

Mwaka 1967 Kenya ilianzisha mashindano yake ya wazi huko Muthaiga, Nairobi, na bingwa wa kwanza akawa huyohuyo Wolstenholme. Baadaye alihamia Australia, akaishi na kucheza kule, akashinda mashindano ya wazi ya jimbo la Victoria zaidi ya mara moja. Alihama kwa hiari yake, tusijifananishe naye. Alifariki 1984. Mtoto wake Gary naye alicheza gofu, na mwaka 1995 alimshinda Tiger Woods katika mechi moja ya Kombe la Walker, kabla Woods hajaanza kulipwa.

Sasa turudi Nairobi. Baada ya Wolstenholme walikuja wengine wakubwa. Mhispania Seve Ballesteros alishinda Kenya 1978, Ian Woosnam wa Wales 1986, Trevor Immelman wa Afrika Kusini 2000. Wote watatu baadaye walishinda Masters, yale mashindano makubwa ya Marekani. Kwa hiyo Nairobi haikuwa mahali pa mchezo mchezo.

Ballesteros ndiye ninayempenda zaidi. Utotoni alikuwa kedi, yaani yule mbeba mifuko niliyemtaja, kijijini kwao Pedreña. Kwenye uwanja wa klabu hakuruhusiwa kucheza anavyotaka, basi alijifunzia ufukweni, kwenye mchanga, na fimbo moja tu. Mwaka mmoja baada ya Nairobi alishinda mashindano yaleyale ya wazi ya Uingereza.

Na wenyeji je? Hapo ndipo panauma. Miaka yote hiyo hakuna Mkenya aliyechukua kombe la nyumbani kwake. Aliyekaribia kabisa ni Jacob Okello, mwaka 1998. Siku ya mwisho alikuwa sawa kwa mapigo na Ricardo González wa Argentina, ikabidi wacheze mashimo ya ziada kumpata mshindi. González akashinda. Ukisoma orodha ya mabingwa, jina la Okello halipo, kwa sababu orodha haiandiki waliofika mlangoni.

Tena nafasi ile haikubaki palepale. Mwaka 2019 mashindano ya Kenya yaliingizwa kwenye ngazi ya juu kabisa ya gofu ya Ulaya. Zawadi zikapanda, wageni wenye majina wakaongezeka, na kwa maoni yangu mlango aliofika Okello ukawa mwembamba zaidi.